Kwa nini lita ya mafuta ina bei tofauti Dar, Nairobi, Bujumbura na Muscat? Tuifungue hesabu

#1. Karani wa Tunduma

Wakuu, habari za jioni.

EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta Tanzania, wakishatoa bei kikomo ile Jumatano ya kwanza ya mwezi, jukwaa linawaka. Mmoja atasema ni tozo, mwingine ni vita, mwingine ataleta picha ya kibao cha sheli ya nchi jirani na kuuliza mbona wenzetu wanaweza. Mimi nimefanya kazi miaka mingi kwenye ofisi za malori ya Zambia na Kongo, kazi yangu ikiwa kupanga mafuta ya safari: dereva ajaze wapi, lita ngapi, kwa fedha ya nchi gani. Kazi hiyo inakulazimisha ujue bei ya dizeli ya Dar, Tunduma, Ndola na Lubumbashi kwa siku moja, na ujue zinatofautiana kwa nini, maana ukikosea faida yote ya safari inaishia kwenye tanki. Naomba niiweke hesabu hiyo hapa, halafu tujadiliane.

Nianze na pipa, kwa kuwa ndilo linalotajwa kwenye taarifa za habari. Pipa moja la mafuta ghafi ni lita 159. Likiuzwa dola 80, lita moja ni kama senti 50 za Marekani. Lakini hayo ni mafuta ambayo huwezi kuyatia kwenye gari. Lazima yasafishwe, na sisi hatusafishi. TIPER pale Kigamboni ilisafisha tangu miaka ya 1960 hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, leo ni bohari tu. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilisimama 2013. Indeni ya Ndola, Zambia, nayo imeacha kusafisha. Kwa hiyo ukanda wetu wote unanunua petroli na dizeli ambazo tayari zimesafishwa, nyingi zikitoka Ghuba na India, na bei yetu inafuata soko la mafuta hayo masafi kuliko bei ya pipa inayosomwa redioni.

Tofauti hiyo ilionekana wazi 2022. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari mwaka ule, ghafi ilipanda hadi karibu dola 139 kwa pipa mwezi Machi, lakini dizeli ilipanda kupita ghafi. Ulaya ilikuwa imezoea dizeli ya Urusi, ikaanza kuikwepa, ikaja kugombania dizeli ile ile ya Ghuba tunayoinunua sisi. Mwenye trekta Mbarali hakuwa na ugomvi na mtu yeyote, akajikuta anashindania bei na Mjerumani. Agosti 2022 petroli ya Dar ilifika shilingi 3,410 kwa lita, na hapo serikali ilikuwa tayari inatia ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi tangu Juni.

Bei ya dunia haina mwenyewe mmoja. OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta ulioanzishwa Baghdad mwaka 1960, ikipunguza uzalishaji bei inapanda. Nchi za Kiarabu ziliposusa kuwauzia waliokuwa wanaiunga mkono Israeli mwaka 1973, pipa lilitoka kama dola 3 hadi kama dola 12 ndani ya miezi michache. Julai 2008 lilifika dola 147. Aprili 2020, korona ilipofunga dunia, kuna siku moja ambapo mkataba wa ghafi ya Marekani uliuzwa chini ya sifuri: wenye mafuta walilipa watu wayachukue, kwa sababu hapakuwa na pa kuyaweka.

Sasa kuna kitu cha pili ambacho karibu kila mjadala wa humu unakiruka, nacho mimi naona ndicho kizito kuliko vyote kwa nchi kama zetu: dola.

Fanyeni hesabu hii wenyewe. Pipa libaki dola 80, lisisogee. Dola ikiwa shilingi 2,300, lita ya ghafi ni kama shilingi 1,157. Dola ikiwa shilingi 2,700, lita ile ile ni kama shilingi 1,358. Shilingi 200 zimeongezeka na huko duniani hakuna kilichotokea: hakuna vita, hakuna OPEC. Na hizo si namba za kutunga, ni mwendo wa shilingi yetu kati ya 2022 na 2024.

Kenya ni mfano mkali zaidi. Mwaka 2023 mafuta ya dunia yalikuwa rahisi kuliko 2022. Lakini Nairobi haikuona bei kubwa kabisa 2022. Iliiona Oktoba 2023, petroli ikiwa shilingi 217.36. Kwa nini? Shilingi ya Kenya ilikuwa inaporomoka. Mwanzo wa 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 113, Januari 2024 ikafika kama 160. Juu yake VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16 kuanzia Julai 2023. Mtu aliyekuwa anaangalia pipa peke yake hangeelewa kitu mwaka ule.

Na dola si bei tu. Ni kupatikana pia. Mwagizaji anaweza kuwa na mabilioni ya shilingi benki, lakini muuzaji wa Ghuba hazitaki. Katikati ya 2023 Tanzania tuliona vituo vingi vya mikoani vinakauka wakati bei kikomo imebandikwa vizuri ukutani. Kenya mwaka huo huo waliona njia nyingine: waliingia mkataba wa serikali kwa serikali na kampuni za Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, wapewe mafuta kwa mkopo wa siku 180, ili wasitafute dola zote kwa mkupuo kila mwezi. Mkopo huo ulipunguza kukimbizana na dola sokoni, lakini mkopo una gharama yake, na gharama hiyo imo ndani ya lita.

Tatu ni safari. Meli ya mafuta ikifika Dar ikakuta foleni, kila siku inayokaa nje inalipiwa, na anayelipa mwishoni ni wewe unayejaza bodaboda. Bado kuna nauli ya meli, bima, na kile wauzaji wanachoongeza juu ya bei ya soko. Tangu tuanze uagizaji wa pamoja, mwaka 2011 kwenda 2012, gharama hizo angalau zinashindaniwa kwa zabuni ya wazi. Serikali ilianza 2024 kujenga matangi 15 Kigamboni yenye ujazo wa mita za ujazo 378,000 ili meli zishushe haraka. Huo ni mradi ninaoutakia heri kwa moyo wote, kwa sababu nimeshaona malori yanasubiri bandarini hadi madereva wanaishiwa posho.

Kisha barabara. Fungueni jedwali la EWURA muone Kyerwa kule Kagera inavyozidi Dar kwa zaidi ya shilingi 200 kwa lita. Sheria ile ile, meli ile ile, kodi ile ile. Kilichoongezeka ni lori. Ukivuka mpaka, lori linaongezewa foleni, vibali na fedha ya nchi nyingine. Zambia wanalo bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar hadi Ndola, lililofunguliwa 1968. Zamani lilisukuma ghafi, tangu 2023 linasukuma dizeli. Bomba halisimami kwenye foleni ya mpakani Tunduma.

Nne ni serikali, kwa kodi au kwa ruzuku. Hapa nitaacha mnishambulie kwanza, kwa sababu najua mtakuja.

#2. Mwenye Canter

Mkuu umeandika vizuri ila umekwepa kwenye jambo lenyewe. Mimi nina Canter inabeba nyanya kutoka Ilula. Kila bajeti ikisomwa mafuta yanaongezwa tozo. Toeni tozo zote hizo muone kama bei haishuki. Habari za dola na meli ni za kutuchosha tu.

#3. Karani wa Tunduma

Ndugu yangu wa Canter, sikwepi, na kwa kiasi kikubwa uko sahihi. Kwenye lita moja kuna ushuru wa bidhaa, kuna tozo ya barabara, kuna tozo ya petroli inayosaidia umeme vijijini, kuna za reli na forodha. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini. Mwaka 2023 ikaongezwa shilingi 100 nyingine kwa miradi ya kimkakati. Ukizitoa zote, bei inashuka sana. Hilo halina ubishi.

Lakini tutenganishe maswali mawili. Swali la kwanza: kwa nini bei iko juu? Kodi ni sehemu kubwa ya jibu. Swali la pili: kwa nini mwezi huu imepanda kuliko mwezi uliopita? Hapo kodi mara nyingi haina hatia, kwa sababu zetu nyingi ni kiasi maalumu cha shilingi kwa kila lita, hazibadiliki hadi bajeti nyingine. Mwezi bei inapopanda shilingi 150 katikati ya mwaka, kamtafute mhusika kwenye soko la mafuta masafi, kwenye dola au kwenye meli.

Na hapo kuna tofauti kati yetu na Kenya ambayo haisemwi. Sisi hatutozi VAT kwenye petroli na dizeli. Wao wanatoza, na VAT ni asilimia. Maana yake mafuta yakipanda Ghuba, kodi yao nayo inapanda pamoja nayo. Shilingi yao ikianguka, kodi inakua. Yetu imesimama palepale. Upande wa pili wa jambo hilo: mafuta yakishuka duniani, ya kwetu hayashuki kwa kasi ile, kwa kuwa lile fungu la kodi halisogei.

Niongeze kisa kimoja kinachoonyesha kodi inavyoweza kuumiza hata isipokusudia. Kabla ya 2011 mafuta ya taa yalitozwa kidogo sana ili maskini apate kuwasha koroboi. Matokeo yake wajanja wakawa wanayachanganya kwenye dizeli. Ndipo neno uchakachuaji likaingia kila nyumba, na injini zikafa kwa mamia. Bajeti ya 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita. Uchakachuaji ulipungua, lakini bibi wa kijijini asiye na gari wala jenereta ndiye aliyelipa. Kenya walifuata njia hiyo hiyo 2018, wakaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa. Nakubali sababu yake, lakini sijawahi kukubali kwamba hakukuwa na njia nyingine.

Suala la tozo zinafanya kazi gani, hilo ni la kudai kwa sauti. Barabara ya Ilula hadi mashambani ikiwa mbovu, nyanya zako zinaoza na bado umelipa shilingi 100 ya barabara ya kijijini kwenye kila lita. Hiyo ndiyo hoja ninayoiunga mkono, kuliko kusema dola haina neno.

#4. Mwana wa Changamwe

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Tanzania. Kwetu Kenya bei hutangazwa na EPRA, mdhibiti wetu wa nishati, tarehe 14 ya kila mwezi, yaanza kutumika usiku huo hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Wakati huo utaona vituo vyajaa magari jioni ikisemekana bei yaenda juu.

Nataka kuongeza mambo mawili. La kwanza ni kuwa sisi wa Mombasa twalipa shilingi kama tatu pungufu kuliko Nairobi kwa kila lita, na watu wa bara hulalamika. Lakini mafuta hushuka kwetu, kisha husukumwa kwa bomba, kama ilivyo tangu 1978. Bila ya bomba hilo tofauti ingekuwa kubwa zaidi, kwa kuwa yangebebwa yote kwa malori.

La pili ni tozo ya kutengeneza barabara. Julai 2024 ilitoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Wakati huo shilingi yetu ilikuwa imeanza kupata nguvu, kutoka ile 160 hadi karibu 130 kwa dola. Kwa hiyo afueni ambayo mwananchi angeiona yote, sehemu yake ilichukuliwa pale pale. Watu wengi hawakung'amua kwa kuwa bei ya kituoni haikupanda. Ilikosa kushuka ipasavyo, ndiyo hasara yenyewe.

#5. Karani wa Tunduma

Waaleikum salaam, ndugu. Hilo la pili ni zito na nashukuru umelileta. Bei iliyokosa kushuka haipigiwi kelele na mtu.

Hapo hapo niwaguse Waganda. Mafuta yao mengi yanapita Mombasa, mengine Dar, na kwao hakuna bei kikomo. Kila kituo kinapanga chake. Januari 2022 malori yalikwama Malaba na Busia kwa sababu ya masharti ya kupima korona madereva. Ndani ya siku chache kuna sehemu za Uganda lita iliuzwa zaidi ya shilingi 10,000 za kwao. Si pipa wala dola iliyofanya hivyo. Mpaka ulifungana tu. Ndiyo maana ukiona nchi isiyo na bahari, usilinganishe kibao chake na cha Dar bila kuuliza njia yake ina nini.

#6. Mama wa Ujiji

Wanangu, mimi niko Kigoma na nauza duka. Mnasema bei, njooni muone huku kwetu kitu kingine. Wenzetu wa Burundi bei yao rasmi ipo, serikali imeipanga, lakini mafuta hayapo. Watu wanapanga foleni siku kwa siku Bujumbura, gari linalala kituoni. Wanavuka kuja huku kutafuta, wengine wanakwenda Uvira upande wa Kongo, ambako vijana wanauza barabarani kwenye chupa na madumu. Wakongo wanawaita kadhafi. Dumu likifika Bujumbura bei yake haitajiki. Kwa hiyo mtu akiniletea picha ya kibao cha Burundi na kusema ona rahisi, namuuliza: umeyapata?

#7. Karani wa Tunduma

Mama, shikamoo. Umesema kwa maneno machache kitu nilichotaka kukieleza kwa aya tatu.

Burundi tatizo lao ni lile lile la dola, ila limefika kwenye mfupa. Fedha ya kigeni ni haba, kiwango rasmi cha benki kiko mbali na cha mtaani, mwagizaji hawezi kununua kwa kiwango cha mtaani halafu akauza kwa bei iliyopangwa kwa kiwango rasmi. Akifanya hivyo anafilisika. Kwa hiyo haagizi. Malawi nao wamepita humo humo: kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44 Novemba 2023, na foleni za mafuta zikaendelea kuwatesa mwaka uliofuata. Wao pia wanapitisha mafuta Dar na bandari za Msumbiji.

Bei iliyozuiwa kwa nguvu hulipwa kwa njia nyingine. Zambia petroli haikuguswa tangu Desemba 2019 hadi Desemba 2021: kwacha 17.62, wakati fedha yao inaanguka. Watu walifurahi, sisi wa malori tulifurahi. Tofauti ilikuwa inaandikwa kwenye deni la taifa. Deni likazidi, nchi ikashindwa kulipa wakopeshaji wa nje, ruzuku ikaondolewa, bei ikaruka hadi 21.16 kwa siku moja. Tangu 2022 wanapitia bei kila mwezi. Nigeria ni hivyo hivyo kwa ukubwa zaidi: 29 Mei 2023 rais mpya alisema ruzuku imekwisha, na petroli iliyokuwa chini ya naira 200 ikapita 500 ndani ya siku chache. Hao ni wauzaji wakubwa wa ghafi Afrika, lakini kwa miaka mingi walikuwa wanaiuza ghafi nje na kununua petroli kutoka nje, mpaka kiwanda cha Dangote, chenye uwezo wa mapipa 650,000 kwa siku, kilipoanza kuuza petroli Septemba 2024.

Sisemi ruzuku ni haramu. Ile ya kwetu ya 2022 naiunga mkono hadi leo. Ilikuja wakati wa dhoruba. Ninachopinga ni ruzuku isiyo na tarehe ya kuisha na isiyoonekana kwenye bajeti.

#8. Mzanzibari Muscat

Salaam kutoka Oman. Huku lita ya petroli ya kawaida M91 haizidi baisa 229, na M95 haizidi 239, tangu Sultani aliposimamisha bei mwishoni mwa 2021. Mimi nnapokuja likizo Unguja nnashangaa. Kwa nini nchi zetu hazifanyi hivyo? Mafuta mnanunua kwetu huku huku.

#9. Karani wa Tunduma

Karibu sana ndugu. Swali lako zuri, kwa sababu Oman inaonyesha mambo karibu yote kwa mfano mmoja.

Baisa 229 ni kama senti 60 za Marekani. Kwa dola ya shilingi 2,700 ni kama shilingi 1,600. Kwanza, mafuta ni yao na wanasafisha wenyewe, kwa hiyo hakuna meli ya wiki nzima wala foleni ya bandari. Pili, riali imefungwa kwenye dola kwa kiwango kile kile tangu 1986. Hatari inayotuua sisi, wao hawaijui. Tatu, petroli haibebeshwi kodi za barabara na umeme kama yetu, kwa kuwa serikali inapata mapato yake kwenye kuuza ghafi nje. Lita rahisi huko ni sehemu ya mgawo wa mali ya nchi kwa wananchi.

Hata hivyo si bure. Nawe utakumbuka kwamba hadi mwisho wa 2015 lita ya M95 ilikuwa baisa 120. Ghafi ilipoporomoka bajeti ikayumba, Januari 2016 wakaanza kupanga bei kila mwezi kufuata soko. Baada ya miaka kama sita wakaweka kikomo hicho unachokisema. Falme za Kiarabu waliachia bei zifuate soko tangu Agosti 2015, na Dubai mtu analipa zaidi kuliko Muscat ingawa visima viko jirani.

Halafu linganisheni na Norway. Nao wanachimba na kuuza mafuta mengi, lakini petroli yao ni kati ya ghali sana duniani. Wameamua kodi iwe kubwa, na fedha ya ghafi wanaiweka kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Marekani ni kinyume: kodi ya serikali kuu ni senti 18.4 kwa galoni, chini ya senti 5 kwa lita, na haijaguswa tangu 1993. Umoja wa Ulaya una kiwango cha chini ambacho nchi mwanachama hairuhusiwi kushuka, yuro 0.359 kwa lita ya petroli, na wengi wanatoza zaidi ya hapo. Pipa ni lile lile la lita 159 kwa wote. Tofauti kubwa kati ya Texas na Oslo imetoka bungeni.

#10. Babu wa Magomeni

Vijana, mmetaja 1973 kama historia ya kitabuni. Sisi tuliiishi iliyofuata. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, baada ya vita vya Kagera na bei ya mafuta kupanda mara ya pili, hapa Tanzania ilikuwa marufuku gari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Polisi wanakusimamisha kweli. Harusi tulizipanga Jumamosi. Nchi haikuwa na fedha za kigeni, na kahawa na katani tulizouza nje zilinunua mafuta kidogo zaidi kila mwaka. Kwa hiyo huyu kijana anaposema dola, namwelewa.

#11. Mwenye Canter

Shikamoo babu. Karani, nimekusoma mpaka mwisho na la tozo umenijibu kiungwana. Nina mawili ya mwisho. Bomba la Hoima hadi Tanga likikamilika, si tutapata mafuta rahisi? Na kwa nini mafuta yakishuka duniani huku hayashuki, au yakishuka nauli haishuki?

#12. Karani wa Tunduma

Babu, shikamoo na asante. Hiyo Jumapili ya saa nane nimeisikia kwa marehemu mzee wangu pia.

Mwenye Canter, bomba la EACOP lina kilomita 1,443 hadi Chongoleani, na kitakachopita humo ni ghafi ya kuuzwa nje. Haiingii kwenye Canter yako. Tanzania tutapata ada ya kupitisha, ajira na fedha za kigeni, na hizo fedha za kigeni ndizo zinazoweza kuisaidia shilingi, kwa hiyo faida ya mafuta inaweza kuja kwa njia ya kuzunguka. Uganda wamepanga kiwanda cha kusafisha mapipa 60,000 kwa siku. Kikijengwa, Bukoba na Kyerwa wanaweza kununua karibu badala ya kusubiri lori la Dar. Lakini hata hapo mwenye kiwanda atauza kwa bei inayoelekea ya dunia, maana asipofanya hivyo ni afadhali kwake asafirishe. Nafuu itakuwa kwenye safari iliyofupika.

La pili. Huwa yanashuka, ila kwa kuchelewa na kwa kiasi kidogo kuliko tunavyotarajia. Unachojaza leo kilinunuliwa wiki nyingi nyuma kwa bei ya wakati ule, kikasafiri, kikashushwa. Pipa likianguka leo, subiri mwezi mmoja au miwili. Na likianguka kutoka dola 80 hadi 40, kwa dola ya 2,700 fungu la ghafi linapungua kama shilingi 680 kwa lita. Usafishaji, meli, lori, faida ya kituo na kodi vimebaki. Kwa hiyo pipa limepungua nusu, kibao kimepungua chini ya robo. Lakini 2020 tuliona: pipa lilianguka Aprili, na Juni petroli ya Dar ikashuka hadi karibu shilingi 1,500.

Nauli ndipo ninapokasirika pamoja na wewe. LATRA, wanaodhibiti usafiri wa ardhini, walipandisha nauli Mei 2022, wakapandisha tena Desemba 2023, na hoja kubwa ilikuwa mafuta. Mafuta yakishuka, abiria haoni tangazo. Kwenye malori ya masafa marefu mikataba mingi mizuri ina kifungu: dizeli ikipanda kwa kiasi fulani bei ya kubeba inapanda, ikishuka inashuka, na pande zote mbili zimetia saini. Sioni sababu ya msingi kwa nini nauli ya Mbagala hadi Kariakoo isipangwe kwa kanuni ya namna hiyo, ikapitiwa kila baada ya miezi sita kwa kufuata jedwali lile lile la EWURA ambalo kila mtu analiona.

Jumatano bei mpya zikitoka, wekeni hapa jedwali zima lenye mchanganuo, na si ukurasa wa bei peke yake. Humo kuna bei ya soko la nje, kuna kiwango cha dola kilichotumika, kuna gharama za uagizaji na kuna kila tozo kwa jina lake. Tuanze na mstari wa dola.